Jina Lake Halikuwamo

Nilimzuia mtu asipande kazini ili kazi yangu iwe rahisi. Sikumtukana wala sikumnyima mshahara. Ndiyo maana nilikaa miaka bila kuliona kosa.

Nilikuwa mkuu wa mradi katika shirika moja hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Yeye aliajiriwa kama msaidizi wa utawala, akiwa ametoka tu chuo kikuu. Haikupita muda akawa ndiye anayetengeneza bajeti, anayefuatilia risiti kutoka Walungu na Kalehe, anayeandika ripoti. Mimi nilisoma, nikarekebisha nukta na mkato, nikatia sahihi. Mfadhili alipotusifu, sifa zilikuja kwangu. Yeye nilimshukuru ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

Ilipotokea nafasi ya mafunzo Kigali nilimwambia, "Dada, mwezi huu hapana, tuna ukaguzi." Akajibu, "Sawa, shefu." Alipoomba mkataba wake utaje kazi anayoifanya kweli, nilimwambia asubiri bajeti ya mwaka ujao.

Nilikuwa na hofu. Katika mji ambapo vijana wenye diploma hukaa nyumbani miaka wakitafuta kazi, na kila mradi una tarehe ya kufa, mtu hukilinda kiti chake. Nami niliogopa kwamba mfadhili akimjua atauliza kwa nini anatulipa wawili, au shirika kubwa zaidi litamchukua na kuniachia mafaili ambayo sikuyajua tena. Hofu hiyo niliiita kulinda timu. Naye hakuweza kunibishia, kwa sababu mkate wake ulipitia mkononi mwangu. Nililijua hilo, nikalitumia.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na fedha zetu zilitoka huko. Katikati ya Februari waasi wa M23 wakaingia mjini, benki zikafungwa. Ofisi yetu nayo ikafungwa.

Akaja nyumbani na ombi moja. Kulikuwa na kazi Bujumbura. Waajiri walitaka barua inayothibitisha kwamba amesimamia bajeti, pamoja na mkataba wake na ripoti yoyote yenye jina lake. Nikawasha kompyuta mbele yake. Ripoti ya kwanza: jina langu. Bajeti: jina langu. Barua pepe kwa mfadhili zilikuwa zangu, hata zile alizoziandika yeye nikazituma kama zilivyo. Niliendelea kufungua faili moja baada ya jingine, yeye amekaa kimya, nikitumaini kwamba angalau mara moja nilimtendea haki. Jina lake nililikuta kwenye orodha za mahudhurio na za kurudishiwa nauli. Basi.

Barua niliandika, na nilisema ukweli wote. Waajiri wakaiweka kando ya mkataba uliosema "msaidizi wa utawala". Hawakumwita. Sasa anaandika daftari la madeni katika duka la mjomba wake, Kadutu. Mimi nilipata kazi nyingine kwa kuonyesha ripoti zilezile.

Mfano mwema wa kiongozi tulikuwa nao mjini humu. Daktari Denis Mukwege alianzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999. Alikwenda kupokea Tuzo ya Amani ya Nobeli mwaka 2018, akagombea urais mwaka 2023, na wagonjwa waliendelea kutibiwa, kwa kuwa wapo madaktari wengine wanaojua kazi hiyo. Mimi nilishindwa kumwachia msaidizi mmoja mkutano mmoja na mfadhili.

Wewe unayeongoza watu, fungua ripoti ya mwisho uliyoituma utazame ni jina la nani limeandikwa. Kama aliyeifanya hayumo, mwandike leo, mkataba wake nao urekebishwe kabla mradi haujafungwa. Nawe unayeanza kazi, omba kwa maandishi kazi yako halisi iandikwe, utunze nakala nyumbani. Shefu akikwambia usubiri mwaka ujao, anza kutafuta pengine.