Linki Ina Mwenyewe?

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, nilihamia saiba. Nilisoma kwa kufuata linki: bonyeza hii, ikupeleke ile. Moja ikanifikisha kwa BT, kampuni ya simu ya Uingereza. Mwaka 2000 iliishtaki Prodigy, kampuni ya intaneti ya Marekani, ikidai linki ni uvumbuzi wake, na hataza ya 1989 inayo. Wueh! Jaji aliitupa kesi mwaka 2002: hataza ilihusu mfumo wenye kompyuta moja ya kati, na intaneti haina kitovu.

Nilicheka, halafu nikahesabu. BT ingeshinda, makampuni ya intaneti yangelipa, na bili ingeshuka hadi saiba yetu. Mimi nilikuwa na bob 20, ya dakika 20.