Kimombo na mikia yake: herufi tano zinazonikosesha usingizi

Wiki hii mambo ya kusalitiana na mahari tuyaweke pembeni, maana kuna ugonjwa umeingia kwangu ambao dawa yake haiuzwi Kariakoo nzima. Unaitwa Wordle.

Kama hujaukwaa, ngoja nikupe stori. Ni mchezo wa kwenye simu. Kila siku neno moja tu la Kiingereza, herufi tano, nafasi sita za kulibahatisha. Unaandika neno lako, herufi zinageuka rangi. Kijani, herufi ipo na imekaa kiti chake. Njano, imo lakini umeikalisha siti ya mwenzake. Kijivu, haimo, isahau. Neno jipya linaingia saa sita kamili usiku, ndiyo maana asubuhi unaniona kituoni macho mekundu ukadhani nilikuwa disko.

Aliyetuletea balaa hili ni jamaa mmoja mtaalamu wa kompyuta, Josh Wardle, mzaliwa wa Wales aliyekuwa akiishi Brooklyn, New York. Alimtengenezea mpenzi wake, Palak Shah, anayependa michezo ya maneno. Umeona wenzetu? Wewe unampa mwenzio vocha ya buku, mwenzako anampa mchezo mzima! Binti naye alifanya kazi: alipitia maneno kama 12,000 ya herufi tano, akayachuja yakabaki kama 2,500. Oktoba 2021 jamaa akauachia kwa watu wote. Novemba mosi wachezaji walikuwa 90 tu. Mwanzoni mwa Januari 2022 wakawa laki tatu, na wiki moja baadaye wamepita milioni mbili. Kabla Januari haijaisha, gazeti la The New York Times likaununua kwa mamilioni ya dola. Penzi lililipa, washikaji.

Sasa kilichonishika mimi si hela za jamaa. Ni mikia.

Kila ukiupata mkia wa neno, nusu ya kazi imeisha. Na mkia unaoongoza kwenye mchezo huu ni E. Hebu hesabu: "house", "phone", "plate", "table", "knife". Hiyo E ya mwisho hata haitamkwi! Ni kama konda amempa mtu lifti: amekaa siti ya nyuma, hasemi, halipi, ila ukimshusha gari linapotea njia. Mtoe kwenye "plane", ndege inageuka "plan", mpango. Halafu Wazungu hawapendi kuiacha V peke yake mwisho wa neno, lazima wamwekee E wa kumsindikiza: "drive", "leave", "glove", "above". Ukiiona V karibu na mkia, E imejificha jirani.

Wa pili ni Y. Hapa ndiyo penye raha za dunia na shida zake: "money", "party", "happy", "lucky", "sorry", "angry", "empty". Ukiyapanga hivyo ni mwisho wa mwezi mzima wa kijana wa mjini, unaanza na "money" unamalizia na "empty". Lakini S usiikimbilie. Wao wingi wanauweka mkiani, wanachomeka S tu, na wenye mchezo mara chache mno hukupa jibu la aina hiyo. Sisi wingi wetu uko kichwani: kitabu, vitabu. Mswahili akishaona kichwa cha neno ameshajua ni kimoja au vingi. Mzungu lazima asubiri mkia upite.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo, na uchungu wenyewe ni wa mdogo wangu wa kike ninayekaa naye. Alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kama mimi, kama wengi wenu. Alipoingia kidato cha kwanza kila kitu kikageuka ung'eng'e, baiolojia mpaka hesabu. Siku moja akasimamishwa kusoma mbele ya darasa. Alipofika kwenye "look" akatamka "luku". Basi! Darasa likaangua kicheko, na mwalimu naye hakujizuia. Kuanzia siku hiyo wakambatiza Luku, kama mita ya umeme. Wengine wakimwona wanamuuliza zimebaki uniti ngapi.

Akanyamaza. Hajibu swali, hanyooshi mkono. Jioni moja akaniambia bora aache shule akajifunze cherehani. Cherehani si kazi ya aibu, shangazi yetu ametulea nayo. Lakini kuikimbilia kwa sababu ya irabu moja? Hapana.

Maana ile U haikutoka hewani. Lugha yetu karibu kila neno linaishia na irabu, ni tabia yake. Neno la kigeni likibisha hodi bila irabu nyuma, tunalivalisha kwanza ndipo linaingia ndani. Mwarabu alikuja na "kitab", tukaipa U. Mwingereza akaja na "bus" ikawa basi, "bank" ikawa benki, "train" ikawa treni. Hata kuchagua irabu kuna utaratibu wake. Midomo ikifungwa kwa M, B au P, mara nyingi inafuata U: timu, filamu, klabu. Zile Y zao nazo tunazigeuza I bila kuomba kibali: pati, stori, lori, sori. Kwa hiyo mtoto wa watu aliposema "luku" alikuwa anafanya kitu ambacho babu zake wamefanya karne na karne. Na kichekesho ni hiki: walewale waliomcheka, wikiendi wakivaa wanapiga picha wanasifiana, "Ebwana, luku kali!" Kwao ni fasheni, kwake ni ushamba. Haki iko wapi?

Nilimweleza yote haya, akanitazama tu. Maneno ya kaka hayaponyi.

Kilichomsogeza ni huo mchezo. Usiku mmoja nimekwama. Jaribio la pili nimeandika "night", herufi nne za mwisho kijani tupu. Nikaona nimemaliza! La tatu nikaandika "right", wapi. Hapo ndipo mkia unapokuwa mtego, maana wenye mkia huo ni ukoo mzima: "light", "fight", "might", "sight", "tight", "eight". Maneno sita, nafasi tatu. Nataka kuandika "light" kwa bahati nasibu, nasikia sauti nyuma yangu: "Kaka, andika films."

Nikamwambia films haina huo mkia. Akasema, "Najua. Lakini ina F, L, M na S. Unauliza wanne kwa mpigo."

Nikaandika. F kijivu, L kijivu, S kijivu. M njano! Jibu likawa "might". Mimi nilikuwa nagonga mlango mmoja mmoja, yeye kasimama mwanzo wa mtaa kaita majina. Kwa mara ya kwanza tangu kile kicheko nikamwona anacheka yeye.

Sasa tunacheza wawili kila usiku, na bando ni langu. Sitakudanganya kwamba ameanza kuongea kama mtangazaji wa BBC. Kujua tahajia ya neno ni jambo moja, kusimama mbele ya watu arobaini ulifungue mdomo ni jingine, na mchezo wa simu hauwezi kumbebea mtoto mzigo wa kubadilishiwa lugha ya kusomea ghafla akiwa hajajiandaa. Lakini wiki iliyopita alisimama kusoma tena. Anasema "bridge" ilimtoka na I yake nyuma, "briji", mmoja akacheka. Yeye akaendelea mpaka nukta.

Wewe unayecheka mikia ya wenzako, kumbuka lifti ya bure uliyopewa. Kama kwenu mlianza ung'eng'e chekechea, shukuru wazazi, usimnyanyase ambaye wake hawakuwa na ada.

Na wewe utakayekwama usiku huu, ushauri wangu ni ule ule: jaribu E, kisha Y, S iache ipumzike. Ukiangukia kwa akina "night", usigombane nao mmoja mmoja, waite wote. Wiki ijayo tutarudi kwenye mahari, nimeahidi. Alamsiki!