Elimu ya Jukwaani

Katika lugha yetu neno "mchezo" limebebeshwa mizigo miwili. Watoto wakikimbiza mpira wa matambara, tunasema wanacheza. Watu wazima wakisimama mbele ya wenzao kuonyesha maisha yalivyo, huo nao tunauita mchezo, mchezo wa kuigiza. Ndiyo maana wazee wengi wa huku Tingi huguna wakisikia kwamba mtoto anakwenda Chuo Kikuu kusomea sanaa za maonyesho. Kahawa iuzwe, nauli itafutwe, halafu mtoto akacheze?

Swali hilo liliingia katika ukoo wetu mjukuu wangu wa kike alipochagua masomo hayo, ilhali baba yake mdogo alitaka asomee uuguzi. Kwa kuwa mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, niliombwa kutoa neno. Nalirudia hapa kwa ajili ya nyumba nyingine zenye mabishano kama hayo.

Kwanza, elimu hii si ngeni nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeifundisha tangu miaka ya 1960, na humo wamepita waandishi ambao wanafunzi wetu wanawasoma darasani: Ebrahim Hussein wa "Kinjeketile", na Penina Muhando wa "Hatia", ambaye baadaye alijulikana kama Profesa Penina Mlama. Chuo cha Sanaa Bagamoyo nacho kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Huko ngoma, muziki na uigizaji hufundishwa kwa kutendwa.

Neno hilo "kutendwa" ndilo kiini cha hoja yangu. Sisi tuliopita vyuo vya ualimu tunalielewa. Mtu aliweza kupata alama za juu katika mtihani wa saikolojia ya watoto, lakini ualimu wake haukujulikana mpaka aende kwenye mazoezi ya kufundisha, asimame mbele ya watoto hamsini ambao baadhi yao hawajala tangu jana. Jukwaa halina tofauti. Anayesomea mawasiliano kwa daftari peke yake atajua maana ya mawasiliano, ila hatajua kama anasikika.

Mfano ninaoupenda ni wa Malya, wilayani Kwimba. Kati ya mwaka 1982 na 1983, Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao kutoka Chuo Kikuu walifanya kazi na wanakijiji wa huko. Hawakuja na mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na watu, wakasikiliza, wakawaacha wenyewe wataje yanayowasumbua, likiwemo la wasichana wa shule kupata mimba. Maonyesho yalitungwa kutokana na mazungumzo hayo, kwa kutumia ngoma na maigizo ya wenyeji, na baada ya onyesho watu walijadiliana. Kwangu mimi, mjadala huo ndio uliokuwa mtihani wa kweli.

Linganisheni na tuliyoyazoea mashuleni. Baada ya Azimio la Arusha, ngonjera alizozipa nguvu Mathias Mnyampala zilienea nchi nzima, na watoto walizighani vizuri mno mbele ya wageni. Sizidharau, zilifunza lugha na ujasiri. Lakini mara nyingi mtoto alisema alichoandikiwa, mgeni akapiga makofi, basi. Hakuna aliyemwuliza mtoto yeye mwenyewe ana neno gani.

Katika shule nilizoziongoza niliona wasichana wakipotea darasani mmoja mmoja. Mikutano ya wazazi ilizungumzia madawati, michango na paa, lakini sababu ya kupotea kwao haikupata msemaji. Mwaka 1996 wataalamu wa sanaa wa Chuo Kikuu hicho hicho walianzisha mpango wa Tuseme, ambao wasichana wa sekondari hutumia maigizo kueleza wenyewe yanayowakwamisha, na mpango huo ukaenea hata nje ya Tanzania. Niliposikia habari zake nilielewa kwamba hapo mchezo umefanya kazi ambayo vikao vyetu havikuiweza.

Huku kwetu mtaji upo. Wanaume wa mwambao wa Ziwa Nyasa wanacheza mganda, ambao hatua zake zimefuata gwaride la askari. Wanawake wana kioda. Katika nyimbo za ngoma, jambo ambalo mtu hawezi kulitamka barazani hupita bila ugomvi. Mwanafunzi akirudi na elimu yake hahitaji kuleta jukwaa kutoka Dar es Salaam. Anahitaji sikio.

Sitawadanganya wazazi kwamba ajira zinangoja mlangoni. Wala si kila kikundi kinachokuja kijijini na maigizo kinasikiliza. Vingine huja na ujumbe uliopikwa mjini, vikapiga picha, vikaondoka kabla vumbi halijatua. Elimu ya namna hiyo kweli ni mchezo tu, kwa maana ile ya kwanza.

Niliwaambia ndugu zangu binti aende. Muuguzi anatibu jeraha aliloonyeshwa, nasi tunamhitaji sana. Lakini yapo majeraha ambayo wenyewe hawayaonyeshi mpaka wamwone mtu mwingine akiyaigiza. Mzazi mwenye mtoto katika masomo haya, akija likizo usimwulize alama peke yake. Mwulize alikwenda kijiji gani, na watu wa huko walimwambia nini.