CD Zilizopanda Basi

Mwaka 2004 nilipanda basi Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, kwenda Mbeya kwa mara ya kwanza. Kaka yangu, mwalimu wa sekondari, alinituma nimletee CD mbili: Windows XP, na ensaiklopidia ya Encarta kwa ajili ya wanafunzi. Kompyuta za msaada zilikuwa zimefika shuleni kwake zikiwa tupu, na fundi aliyemwamini alikuwa Mwanjelwa, mjini Mbeya.

Mafinga tuliipita asubuhi, misonobari ikiwa bado kwenye ukungu. Makambako wakashuka wa Njombe na Songea, nasi tukateremkia joto la Igawa na mpunga wa Usangu, kisha basi likapanda Inyala kwa kuhema hadi Uyole. Safari ilichukua kama saa sita hivi.

Laini ya simu ya wakati ule isingeweza kulishinda basi lile. CD moja ilibeba megabaiti 650 au 700. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, kuivuta kungetaka zaidi ya saa 25, laini isikatike na bili ikipanda muda wote. Kebo ya intaneti ya baharini, SEACOM, ilifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kabla ya hapo programu nyingi zilikuja huku kwetu kwa barabara, kwenye mikoba ya abiria.

Fundi alinikaribisha kibandani, akaweka CD tupu kwenye mashine ya kuchomea.

"Ukinakili mafaili peke yake, mdogo wangu, mashine haitawaka," alinieleza. "Ile sehemu ya kuwashia huwa inabaki. Lazima CD yote igeuzwe faili moja, ndipo uichome."

Faili hilo, liitwalo ISO, ndilo makundi ya maharamia wa programu ya Ulaya na Marekani yalilokuwa yakipitishana kwa siri tangu miaka ya 1990. Desemba 2001 polisi wa nchi kadhaa walilivamia mojawapo, DrinkOrDie, lililoanzia Moscow mwaka 1993. Mwanjelwa hapakuwa na siri. Fundi aliandika namba ya leseni, herufi na tarakimu 25, kwa kalamu ya wino juu ya CD yenyewe, akanipa.

Sheria ilikuwapo: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyozaa taasisi ya hakimiliki COSOTA, inalinda programu za kompyuta pia. Lakini XP Professional iliuzwa dola 299 Marekani, zaidi ya mshahara wa mwezi wa mwalimu wetu. Simlaumu kaka yangu. Watoto waliosoma Encarta ile hawakuwa na maktaba nyingine.

Kinachoniuma ni kwamba mashine zilezile zilichoma pia nyimbo na filamu za Watanzania wenzetu, ambao hawakuwa na utajiri wa Microsoft. Stempu za kodi kwenye CD za muziki na filamu zilianza mwaka 2013, wakati wasanii wengi walikuwa wamekwisha kuumia.

Na njia ya halali ilikuwapo. Oktoba 2004 ilitoka Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, na hadi 2011 waliokuwa wakiiomba walitumiwa CD zake bure kwa posta, wakiruhusiwa kuzinakili watakavyo. Mwalimu unayesimamia maabara leo Rungwe au Mufindi, anza na hiyo: inakili, igawe, uwafundishe watoto bila kumwibia mtu.