Mlango Wazi, Njia Ndefu: Binti wa Ruiri Chuoni Kilifi

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi aitwaye katika chuo kikuu cha umma kilicho mbali na kwao hapewi hata siku hizo mbili. Anaposhuka garini tayari ana karo ya kukamilisha, chumba cha kutafuta na chakula cha kununua. Hata hivyo, kisheria yeye si mgeni. Nchini Marekani, aghalabu chuo kikuu cha jimbo humtoza mwanafunzi wa jimbo jingine karo kubwa zaidi. Kenya haina mpaka wa aina hiyo. Mmeru, Mgiriama na Mluo hushindania nafasi kwa alama zao, na aliyepata C+ au zaidi huweza kupangiwa na KUCCPS chuo chochote alichokiomba, kwa karo ileile. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: je, usawa wa karo ni usawa wa gharama?

Binti mmoja wa Ruiri, katika Kaunti ya Meru, aliitwa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, mwaka 2024, kusomea ualimu wa Kiswahili. Kutoka Ruiri hadi Kilifi, kupitia Nairobi na Mombasa, ni zaidi ya kilomita 700. Karibu na kwao pana vyuo vya umma: Nchiru, Chuka na Embu. Ndiyo maana nyanya yake alishangaa.

“Mjukuu wangu, kwani Chuka kumejaa watu?”

“Hapana, nyanya. Nataka kukisikia Kiswahili kikisemwa na waliozaliwa nacho.”

“Na nauli itasemwa na nani?”

Swali la ajuza huyo lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. Mpango mpya wa ufadhili, uliotangazwa Mei 2023, uliwagawa wanafunzi kwa kadiri ya uwezo wa familia zao. Kufikia mwaka 2024 makundi yalikuwa 5. Kundi la kwanza lilipewa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo wa asilimia 25, na familia ikabakiwa na 5. Kundi la tano lilipewa ufadhili wa asilimia 30, mkopo wa 30, na familia ikalipa 40. Binti huyu aliwekwa katika kundi la tatu: asilimia 50, 30 na 20. Mkopo wake wa kujikimu ulikuwa shilingi 50,000 kwa mwaka.

Hapa ndipo tatizo linapojitokeza. Kiasi cha fedha za kujikimu kilifuata kundi la mwanafunzi; kilomita hazikuhesabiwa. Mwenzake wa kundi hilohilo, aliyezaliwa Kilifi na kulala kwao, alipata shilingi 50,000 zizo hizo. Binti wa Ruiri alizitoa humo kodi ya chumba, chakula na nauli ya mabasi. Isitoshe, fedha hizo ni deni. Basi aliyetoka mbali alimaliza mkopo wake barabarani, na siku moja ataurejesha sawa na yule ambaye hakusafiri. Nyanya alipolazwa hospitalini mjini Meru, binti alizihesabu shilingi zake, akazirudisha mkobani, akapiga simu.

Msaada mwingine, yaani basari za eneobunge na za kaunti, ulimtaka mwombaji athibitishe kwao ni wapi. Kilifi hakuwa na haki ya kuomba. Na Ruiri, fomu zilitolewa na kurejeshwa yeye akiwa darasani. Kwa hiyo mpaka ambao haukuwako katika udahili ulijitokeza katika basari.

Umbali si jambo geni katika elimu ya juu ya Afrika Mashariki. Kati ya 1963 na 1970, katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mkenya aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam na, katika miaka ya mwanzo, aliyetaka udaktari akaenda Makerere. Safari hiyo ilionekana kuwa sehemu ya elimu yenyewe. Baadaye, kuanzia 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha masomo sambamba, mgeni alitambulika kwa mfuko wake: wawili waliketi dawati moja, mmoja akilipiwa na serikali, mwingine akijilipia yote.

Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa mpango wa makundi unakiuka Katiba, na shauri likapelekwa Mahakama ya Rufaa. Katika mjadala huo wote, uwezo wa mzazi umezungumzwa mno. Urefu wa njia umesahaulika. Haifai kuwashauri vijana wa Ruiri wasome karibu na kwao. Mwalimu wa Kiswahili aliyeishi miaka minne miongoni mwa Waswahili na Wamijikenda atarudi Meru na sikio ambalo vitabu pekee havimpi. Linalofaa ni fedha za kujikimu zipimwe pia kwa umbali, na fomu za basari zimfikie mwanafunzi aliko. Vyama vya Kiswahili navyo vinaweza kuanza na jambo dogo: kumtafutia mwanafunzi mpya chumba kabla hajaabiri basi. Kwa sasa, wapo wanaoitwa chuo cha mbali na kubaki nyumbani, na hakuna alama iliyowafelisha.