Taïbit, Njia ya Watoro Kisiwani Réunion

Mashariki ya Madagaska, mwendo wa kilomita 700 hivi baharini, kipo kisiwa cha Réunion, kilicho chini ya Ufaransa. Eneo lake halifikii kilomita za mraba 2,600, lakini kilele chake kikuu, Piton des Neiges, kinapita mita 3,000 kwenda juu. Kuuzunguka mlima huo yamechimbika mabonde matatu makubwa mfano wa mabakuli: Salazie, Cilaos na Mafate. Mawili ya kwanza yana barabara. Mafate haina. Aitakaye Mafate sharti atumie miguu yake, ama apande helikopta.

Mojawapo ya njia ziingiazo humo hutoka Cilaos na kuvuka upenyo wa Taïbit, wenye kimo cha mita 2,081. Kufika Cilaos kwenyewe si kazi ndogo. Barabara itokayo pwani ina urefu wa kilomita 37, na wenyeji husema kona zake ni 400. Kabla ya barabara hiyo kufunguliwa, wagonjwa waliokwenda kuoga katika chemchemi za maji ya moto walibebwa vitini na wapagazi.

Msafiri mwenye busara huondoka alfajiri, maana asubuhi ikishaendelea mawingu hupanda kutoka baharini na kuvifunika vilele. Njia hupanda zaidi ya mita 800, mara kwa ngazi za magogo, mara kwa mawe matupu. Katikati ya safari kuna kituo cha kuuzia chai ya majani ya porini. Anayepanda hupewa ile iitwayo "lifti", na anayeteremka hupewa "parachuti". Ndege mdogo wa kisiwa hicho, tec-tec, huruka kijiti hadi kijiti kana kwamba anawasindikiza wageni.

Mtu akifika upenyoni, huvuta pumzi na kutazama. Nyuma yake ni Cilaos na mashamba yake ya adesi na mizabibu. Kushoto umesimama Grand Bénare, unaokaribia mita 2,900. Kulia ni majabali ya Trois Salazes. Mbele, chini kabisa, ni Mafate: magenge, mifereji mirefu ya maji, na vijiji vidogo vilivyokaa juu ya vipande vya ardhi tambarare.

Hao waliokaa humo kwanza hawakufuata mandhari. Walikuwa watoro. Katika karne ya 18 kisiwa hicho kiliitwa Bourbon, nacho kililimwa kahawa kwa nguvu za watumwa waliotolewa Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. Mnamo mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Sheria ya mabwana ilikuwa kali: aliyetoroka mara ya kwanza alikatwa masikio, mara ya pili alikatwa mshipa wa mguu, na mara ya tatu aliuawa. Hata hivyo watu walitoroka. Walipanda milimani, wakajificha kama walivyofanya baadaye watoro wa Fuladoyo, nyuma ya Malindi.

Mabwana wakaajiri vikosi vya kuwasaka. Aliyevuma zaidi kati ya wasakaji hao ni François Mussard. Lakini milima haikuwa upande wake peke yake: penye njia moja nyembamba, mlinzi mmoja mwenye macho makali huweza kuwaokoa wenzake wote. Jina la Mafate husemekana kuwa la kiongozi mmoja wa watoro, na Cilaos hufasiriwa kuwa neno la Kimalagasi lenye maana ya mahali pasipoachwa. Utumwa ulikomeshwa tarehe 20 Desemba 1848, na watu zaidi ya 60,000 wakawa huru. Siku hiyo ni sikukuu kisiwani kote.

Kutoka upenyoni hadi kijiji cha Marla ni mwendo wa saa moja wa kuteremka. Umeme wa huko ni wa jua. Mchele, mitungi ya gesi na saruji huletwa kwa helikopta. Mvua nayo haina mzaha: Januari 1966, mahali paitwapo Foc-Foc kisiwani humo, zilipimwa milimita 1,825 kwa saa 24. Vimbunga vijapo, kati ya Novemba na Aprili, njia huporomoka na vijiji hukatika.

Mnamo mwaka 2010 vilele na mabonde hayo yaliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Wageni huja kwa wingi, hupiga picha, hurudi. Wakazi wa Mafate, ambao hawafiki 1,000, hubaki. Wengi wao hujua kuwa barabara ingewapunguzia taabu. Wapo pia wasioitaka. Bonde hilo liliwapokea watu kwa sababu halikuwa na njia nyepesi ya kuingilia, na jambo hilo bado halijasahauliwa.