Swali la Saa Saba Mchana



Mhariri aliponiomba niandike juu ya jambo lolote la elimu, mimi nilikuwa nimekwisha kulichagua zamani, kwa kuwa ndani yake mna deni.

Mwaka 1989 nilikuwa nikisomesha fizikia kidato cha tatu katika skuli moja ya Unguja. Siku moja msichana wa dawati la nyuma, karibu na dirisha, alinyanyua mkono. Alisema kwamba babu yake alikuwa akisikiliza taarifa ya habari ya saa saba mchana katika masafa mafupi, na ghafla idhaa ile ya nje ikazama kimya. Baada ya nusu saa ikarejea yenyewe. Idhaa ya nyumbani haikudhurika hata kidogo. "Mwalimu, yawezekana jua ndilo lililoinyamazisha?"

Nilicheka. Nikamwambia kuwa jua hutoa mwanga na joto, na babu yake anunue betri mpya. Darasa zima likacheka nami. (Ni betri gani hiyo inayochagua idhaa? Hilo sikujiuliza.) Alikuwa na swali la pili, nikamwashiria akae.

Sasa nimestaafu, naishi huku Uingereza, na maktaba ya mji iko karibu na nyumbani. Humo ndimo nilimosoma kwamba yule mtoto alikuwa amesema kweli. Mawimbi ya masafa mafupi husafiri mbali kwa kudundwa na tabaka la juu la hewa. Jua linaporipuka, miale yake hulivuruga tabaka hilo upande wa dunia ulio mchana, na mawimbi humezwa kabla ya kurejea chini. Idhaa ya karibu, ambayo mawimbi yake hutambaa juu ya ardhi, husalimika.

Na jua halinyamazishi tu, bali lenyewe hupiga kelele za redio. Mwezi Februari 1942 rada za jeshi la Uingereza zilijaa ngurumo, ikadhaniwa ni hila ya Wajerumani. James Stanley Hey aliyachunguza maelekezo ya ngurumo hizo, akaona kuwa zinalifuata Jua, ambalo siku zile lilikuwa na kundi kubwa la madoa. Kwa sababu ya vita jambo hilo likafichwa, likatangazwa mwaka 1946.

Mwaka huo huo wa 1946, mjini Sydney, Ruby Payne-Scott na wenzake walitumia antena iliyokuwa juu ya jabali la Dover Heights, likielekea baharini. Jua lilipochomoza, antena ilipokea mawimbi mara mbili: yaliyokuja moja kwa moja na yaliyoakisiwa na maji. Bahari ikawa kama antena ya pili. Watu wa Makunduchi na Paje wameliona jua la asubuhi likijitazama majini maisha yao yote. Hawa walilipima, wakathibitisha kwamba kelele kali zatoka penye madoa.

Bibi huyo aliificha ndoa yake, kwa kuwa kanuni za utumishi wa Australia zilimnyima mwanamke aliyeolewa kazi ya kudumu. Ilipojulikana, mwaka 1950, akavuliwa cheo hicho, na mwaka uliofuata, akiwa mja mzito, akaondoka kabisa. Baadaye akawa mwalimu wa skuli. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu.

Kazi waliyoianza ilikua. Wimbi la redio ni refu mno kuliko la mwanga, hivyo dishi moja la kuliona Jua kwa uwazi lingehitaji upana wa mamia ya mita. Dawa yake ni kuyatawanya madishi madogo mengi na kuyalinganisha mawili mawili: wimbi lilitangulia kufika wapi, na kwa tofauti gani. Huko Nobeyama, Japani, tangu 1992 hadi 2020, madishi 84 yenye upana wa sentimita 80, kama haya tuliyoyatundika kwenye kuta zetu ili tupate televisheni za kwetu, yalilipiga Jua picha kila sekunde. Madishi 84 hufanya jozi 3,486. Nilizihesabu kwa penseli. Huko Daocheng, Uchina, mwaka 2022 yalikamilika madishi 313 katika duara lenye upana wa kilomita moja. Huonekana humo mripuko unapozaliwa, kabla athari zake hazijatufikia. Na athari si hadithi: tarehe 13 Machi 1989, mwaka ule ule wa swali, dhoruba ya Jua iliwazimia umeme watu milioni sita wa Quebec kwa muda wa saa tisa hivi.

Msichana yule aliolewa kabla ya kumaliza kidato cha nne, akafuatana na mumewe Ghuba. Sisemi kuwa kicheko changu ndicho kilichomtoa skuli. Siwezi pia kuapa kwamba hakikuchangia.

Najua kuwa nakala za jarida hili hutiwa katika bahasha zikaenda kwa jamaa wa Maskati na Dubai. Basi ikiwa wewe ndiye unayesoma, au uko karibu naye anayesoma: jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo. La pili sikukuacha ulitamke, na hadi leo sijui lilikuwa lipi. Mhariri anayo anwani yangu.